Visima vimepanda baada ya mradi wa matuta: tutajuaje kama ni kazi ya matuta au ni kazi ya mvua?

Mgani wa Vilima anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni afisa ugani katika kata moja ya mkoa wa Dodoma, upande wa vilima vinavyoteremkia mbuga, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hauzidi sana milimita 600. Mwishoni mwa mwaka 2020 kijiji ninachokihudumia kilianza mradi wa kuhifadhi kidakio cha kijito chake, yaani eneo lote linalomwaga maji yake katika kijito hicho. Wakulima walichimba matuta ya fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu ukawa tuta, kwenye mashamba ya mteremko na kupanda majani ya mabingobingo juu yake, makorongo madogo yakazibwa kwa kuta za mawe, na sehemu ya juu ya kilima ikafungwa isichungwe mifugo ili visiki vya miti vipate kuchipua.

Sasa mradi unafungwa, na rasimu ya taarifa ya tathmini imeletwa kwangu ili niisome na kuitia saini pamoja na viongozi wa kijiji. Taarifa hiyo inasema mambo mawili makubwa. La kwanza ni kwamba kiwango cha maji katika visima vitatu vya kijiji kimepanda, kwa kulinganisha kipimo cha Oktoba 2021 na kipimo cha Juni 2024, na kwamba kupanda huko kunathibitisha kuwa matuta yamerudisha maji ardhini. La pili ni kwamba kila hekta iliyowekewa matuta imeokoa kiasi fulani cha tani za udongo kwa mwaka, kiasi kilichopatikana kwa kuingiza mwinuko, mvua na aina ya mazao katika programu ya kompyuta. Hakuna mtu aliyefika shambani kupima udongo wenyewe.

Sina ugomvi na mradi. Nimetembea katika mashamba yale kabla na baada, na kwa macho yangu naona mahindi yaliyo juu ya tuta yanakaa kijani kwa wiki moja au zaidi baada ya yale ya jirani kunyauka. Lakini kuona ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine, na moyo wangu unasita kuweka jina chini ya sentensi ambayo siwezi kuitetea mkulima akiniuliza maswali mawili ya kawaida. Naomba wenye uzoefu wanieleze: je, vipimo hivyo viwili vya visima vinatosha? Kama havitoshi, ni kipi kinachoweza kupimwa na watu wa kijiji, kwa fedha kidogo, ili tujue kwa haki iwapo udongo umetulia na iwapo maji yameingia chini? Na je, mambo haya mawili huenda pamoja siku zote, kama tunavyofundishana semina baada ya semina?

Kisima Kirefu anajibu:

Ndugu Mgani, umefanya vyema kusita, na ningekushauri uendelee kusita hadi sentensi ile ya visima ibadilishwe.

Anza na tarehe zenyewe. Oktoba ni mwisho wa kiangazi, wakati maji ya ardhini yamefika chini kuliko wakati wowote wa mwaka, ilhali Juni ni wiki chache tu baada ya masika kuisha, maji yakiwa bado karibu na kilele chake. Kisima chochote cha Dodoma, chenye matuta juu yake au kisicho nayo, kitaonekana kimepanda ukikipima kwa utaratibu huo. Oktoba hulinganishwa na Oktoba, na Juni na Juni. Kosa hili peke yake linatosha kuirudisha taarifa kwa mwandishi wake.

Lakini hata kama tarehe zingelingana, kuna mvua. Msimu wa 2023/24 ulikuwa msimu wa El Niño na mvua ilinyesha kwa wingi katika sehemu kubwa ya nchi yetu. Sote tunakumbuka maporomoko ya Desemba 2023 yaliyoanguka kutoka mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh. Mradi ulioanza kupima katika mwaka mkavu na kumaliza kupima katika mwaka wa El Niño umejipangia ushindi bila kujua. Kisima kilichopanda mwaka kama huo kinatoa ushahidi juu ya mawingu, si juu ya jembe.

Si maneno ya kubahatisha, kwa sababu hapo hapo mkoani mwenu kuna moja ya kumbukumbu ndefu kabisa za maji ya ardhini katika Afrika ya kitropiki, ile ya visima vya Makutupora vinavyolisha jiji la Dodoma. Wataalamu walioichambua, wakatoa matokeo yao mwaka 2013, walikuwa na vipimo vya miaka 55, na walichokiona ni kwamba maji hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama tunavyodhani. Kiwango hushuka mwaka hadi mwaka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida na kukipandisha ghafla. Msimu wa El Niño wa 1997/98 peke yake ulichangia karibu sehemu ya tano ya maji yote yaliyoingia katika kipindi hicho chote. Katika mahali pa namna hiyo, miaka mitatu au minne ya mradi inaweza kuangukia yote katika mteremko wa kushuka, na mradi mzuri ukaonekana umeshindwa, au ikaangukia katika mpando mmoja, na mradi mbovu ukaonekana umefaulu.

Dawa yake ni kisima linganishi. Tafuta kijiji cha jirani ambacho hakikuwa na mradi, chenye miamba na udongo wa namna moja na wenu, na kisima kilicho katika umbali unaokaribiana na kijito kama kilivyo chenu. Vipimeni vyote viwili siku moja, kila mwezi, kwa mtu yule yule na kifaa kile kile. Kama kisima chenu kitapanda mita mbili na cha jirani mita mbili, matuta hayakuongeza kitu kinachoonekana. Kama chenu kitapanda mita mbili na cha jirani mita moja na robo, hapo ndipo mna jambo la kusema, na hata hapo ni tofauti ya robo tatu ya mita, wala si mita mbili zote.

Kisha msiishie katika mita, kwa sababu mita ya maji kisimani si mita ya maji ardhini. Maji hukaa katika nyufa na vinyweleo vya mwamba tu, na katika miamba ya kale iliyooza kama ya kwetu nafasi inayotoa maji huwa ndogo sana, pengine asilimia 2, pengine 5. Tuchukulie ni 2: kisima kikipanda mita 1, kilichoingia ni sawa na milimita 20 za maji juu ya eneo hilo. Kwa kilomita moja ya mraba hizo ni mita za ujazo 20,000, ambazo kwa lita 25 kwa mtu kwa siku zingewatosha watu zaidi ya 2,000 kwa mwaka mzima. Lakini tukichukulia asilimia 5, maji ni mara mbili na nusu ya hayo. Mtathmini anayetoa hesabu moja bila kusema alichukulia asilimia ngapi anaficha dhana kubwa kuliko zote ndani ya karatasi yake.

Swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote, na jibu langu ni kwamba la, hayaendi pamoja siku zote. Huko Mbeya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti walipima kwa muda mrefu vidakio viwili vya milimani, kimoja cha msitu wa asili na kingine cha mashamba ya mteremko mkali. Kijito cha mashamba kilitoa maji mengi zaidi kuliko cha msitu, hata wakati wa kiangazi. Sababu ni kwamba mti hunywa, na hunywa mwaka mzima kwa mizizi mirefu, na udongo wa majivu ya volkano wa pale ulikuwa unanyonya maji vizuri sana hata ulipolimwa, hivyo mmomonyoko haukuwa mkubwa kama ilivyohofiwa. Sisemi mkate miti. Dodoma si Mbeya, na udongo wenu ukiachwa uchi hufunga ukoko juu na maji yakateleza kama juu ya bati. Nasema tu kwamba kichaka kinachozuia udongo usiondoke kinaweza pia kunywa sehemu ya maji ambayo yangeshuka, na kwa hiyo kila lengo lipimwe kwa kipimo chake. Najua maneno haya hayapendezi siku ya kupanda miti, lakini ndivyo yalivyo.

Jambo la mwisho, angalieni maji yenu huingia wapi. Katika bonde la Makutupora imeonekana kwamba sehemu kubwa ya maji huingia kupitia mchanga wa mito ya msimu, hasa Kinyasungwe Ndogo, wakati mafuriko yanapopita, wala si kwa mvua iliyotuama mashambani. Kama na kijito chenu kiko hivyo, basi matuta ya mlimani yanafanya kazi nyingine, ya kutunza unyevu wa shamba, nayo ni kazi ya heshima. Lakini kisima kilicho kando ya kijito kinajibu zaidi habari za mafuriko kuliko habari za tuta.

Mzee wa Irangi anajibu:

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mimi si mtaalamu wa maji, ila nimezaliwa Kondoa na nimeshuhudia tathmini nyingi zikija na kuondoka, kwa hiyo niruhusuni niseme kuhusu mipaka na kuhusu muda.

Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao wote tuliuita HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Eneo letu lililoliwa na mmomonyoko, kilomita za mraba 1,256, lilikuwa na makorongo ambayo nyumba ingeweza kutumbukia ikapotea. Mwanzoni waliamini tingatinga: wakachonga matuta marefu ya kontua, yaani yanayoukata mteremko kwa usawa mmoja, na mengi yakapasuka katika mvua kubwa, kwa kuwa tuta refu likipasuka mahali pamoja hukusanya maji yote ya kilima na kuyamwaga pale pale, na hapo panazaliwa korongo jipya. Mwaka 1979 ikaja amri kwamba mifugo yote iondoke, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, zaidi ya 80,000. Baada ya hapo majani yalirudi yenyewe, na kwa maoni yangu majani yalifanya kazi kuliko matuta yote yaliyotangulia. Ng'ombe wachache wa kufugwa ndani waliruhusiwa kurudi mwaka 1989.

Sasa, mtathmini aliyesimama ndani ya mpaka mwaka 1985 na kupiga picha aliandika kwamba mradi umefaulu, na hakusema uongo. Lakini mifugo ile haikupaa mbinguni. Ilihamia kwa ndugu na kwa majirani, mabondeni na nyikani nje ya mpaka, na kule nako kulikuwa na ardhi, nako kulikuwa na maji. Ndugu Mgani, wewe umesema sehemu ya juu ya kilima imefungwa. Mbuzi waliokuwa wakichungwa pale wanachungwa wapi leo? Kama wamehamia katika kijiji kile kile ambacho Ndugu Kisima Kirefu anakushauri ukifanye kijiji linganishi, basi utalinganisha shamba lililopona na shamba lililobebeshwa ugonjwa wake, na tofauti itaonekana kubwa mara mbili.

Kuhusu muda, hata baada ya mifugo kuondoka na vilima kuvaa kijani, mito yetu iliendelea kushusha mchanga. Vijana walishangaa, wakasema hifadhi haina maana. Lakini mchanga ule ulikuwa umekwisha kutoka mlimani zamani, umelala katika mabonde na kuta za makorongo, na mto ulikuwa unaendelea tu kuuhamisha hatua kwa hatua. Udongo unaotoka shambani mwaka huu haufiki bwawani mwaka huu. Kwa hiyo atakayepima tope chini ya bonde na kudai kwamba linaonyesha kilichotokea juu katika miaka minne, anasoma barua iliyoandikwa enzi za baba zetu.

Tusisahau pia kuwauliza watu wenyewe. Kule Uluguru katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kwa karatasi, matuta yalihesabika kwa maelfu ya yadi, ila yalifukua udongo wa chini usio na rutuba ukakaa juu, mazao yakadhoofu, na mwaka 1955 zikazuka ghasia hadi mpango ukaachwa. Tathmini iliyohesabu urefu wa matuta tu isingeona ghasia zikija. Waulizeni akina mama ni tuta gani watalitengeneza tena mradi ukiisha ondoka, na lipi wataliacha libomoke.

Mgani wa Vilima:

Shikamoo Mzee, na nakushukuru. Nakiri kwamba swali la mbuzi limenichoma. Baadhi yao kweli wamehamia upande wa mashariki, na kijiji cha mashariki ndicho nilichokuwa nimekifikiria kwa ajili ya kisima linganishi. Nitatafuta kile cha kusini badala yake, ingawa kiko mbali zaidi.

Ndugu Kisima Kirefu, nimeelewa habari ya Oktoba na Juni. Nimeona aibu kidogo kwamba sikuiona mwenyewe. Lakini bado sijapata jibu upande wa udongo. Zile tani zilizotoka katika kompyuta nizifanyeje?

Mchimba Mchanga wa Kitui anajibu:

Ndugu Mgani, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Huku kwetu Kitui na Machakos, ambako fanya juu ni kazi ya kila siku, tumeshabishana sana kuhusu tani hizo, na msimamo wangu ni kwamba usizitupe ila uzipunguzie cheo.

Programu nyingi za namna hiyo zimejengwa juu ya mlinganyo uliotengenezwa Marekani kutokana na vipimo vya vipande vidogo vya shamba. Unazidisha nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, mimea iliyofunika ardhi na hifadhi iliyowekwa. Ukiweka tuta, namba ya hifadhi inashuka, na jibu linashuka nayo. Yaani kompyuta haikugundua kwamba tuta limeokoa udongo. Iliambiwa hivyo tangu mwanzo, ikarudisha ilichoambiwa. Isitoshe, mlinganyo huo huhesabu udongo unaokwanguliwa juu ya uso wa shamba na katika vijifereji, wala hauhesabu makorongo, na kwa maelezo yako makorongo ndiyo adui mkubwa huko kwenu. Taarifa inaweza kuzitaja tani hizo kama makadirio ya kile ambacho matuta yanatazamiwa kufanya yakiwa mazima, lakini isiziite kipimo.

Kipimo mnacho tayari, na kiko nyuma ya zile kuta za mawe. Kila ukuta uliojengwa korongoni ni sinia linalodaka udongo. Pimeni kwa kamba urefu na upana wa tope lililojaa nyuma yake, chomekeni fimbo ya chuma hadi iguse sakafu ya zamani ya korongo ili kupata kina, na mtakuwa na mita za ujazo zilizozuiwa tangu ukuta ujengwe. Fanyeni hivyo kwa kuta zote, si zile nzuri tu zilizo karibu na barabara, na andikeni pia zilizobomoka, kwa kuwa ukuta uliobomoka umerudisha mtoni kila ulichokidaka. Mashambani, pigilieni vijiti vya chuma vyenye alama usawa wa ardhi, safu moja katika shamba lenye tuta na safu nyingine katika shamba lisilo na tuta lenye mteremko ule ule, na mrudi kuvisoma kila baada ya mvua. Kumbukeni tu kwamba milimita 1 ya udongo juu ya hekta moja ni mita za ujazo 10, ambazo ni takribani tani 13 au 14. Kosa la unene wa kucha linageuka mzigo wa lori, kwa hiyo vijiti viwe vingi, na mtu asivisome mara tu baada ya kupalilia.

Mkitaka mfano wa kwenu kabisa, Mpwapwa ilikuwa na vipande vya majaribio tangu miaka ya 1930. Ardhi iliyoachwa uchi ilipoteza karibu nusu ya mvua yake kwa kutiririka juu, na kila hekta ilipoteza zaidi ya tani 100 za udongo kwa mwaka, wakati chini ya kichaka cha asili maji yaliyotiririka hayakufika hata asilimia 1. Huo ndio ukubwa wa tofauti ambao mnaweza kuutafuta kwa vijiti na ndoo. Msitafute tofauti ndogo ndogo. Hamna vifaa vyake.

Ningependa kuongeza jambo moja juu ya yale aliyosema Ndugu Kisima Kirefu, kwa sababu nadhani ametenganisha udongo na maji kupita kiasi. Huku kwetu tunajenga mabwawa ya mchanga, yaani ukuta wa zege katika mto wa msimu, ambao nyuma yake mchanga hujaa na maji hufichwa ndani ya mchanga huo, yakilindwa na jua. Mchanga mkubwa ukitolewa maji hutoa hadi robo ya ujazo wake au zaidi. Tope laini nalo hujaa maji vile vile, ila huyang'ang'ania. Unachimba, unaona ardhi imelowa, na ndoo haijai. Kwa hiyo mto unaoletewa tope na mashamba yaliyo uchi unaharibu ghala lake lenyewe la maji, na hapo ndipo tuta la mlimani linapolisaidia kisima cha mtoni, hata kama halikuongeza tone moja chini ya shamba lenyewe. Mchukueni mchanga wa kijito chenu kiganjani, juu na chini ya mahali panapoingia makorongo yaliyozibwa na yasiyozibwa. Vidole vyenu vitatofautisha mchanga na tope bila maabara.

Kisima Kirefu:

Nakubali marekebisho hayo. Nilikuwa nafikiria kisima kilichochimbwa katika mwamba, na kwa visima vya mtoni hoja yako ina nguvu kuliko yangu. Ndugu Mgani, kati ya visima vyenu vitatu, vingapi viko ndani ya mchanga wa kijito?

Mgani wa Vilima:

Viwili viko kandokando ya kijito, vya kuchimbwa kwa mkono, na kimoja ni kirefu chenye pampu, kiko karibu na shule.

Mama wa Foleni ya Maji anajibu:

Samahani kwa kuingilia wataalamu. Mimi ni mjumbe wa chombo cha watumiaji maji katika kijiji kingine cha mkoa huo huo, na kuna kitu ambacho hakuna aliyekitaja, nacho ni ndoo zinazotoka.

Kisima chetu kirefu kilikuwa na pampu ya mkono, kisha kikafungwa pampu ya sola. Mwaka huo huo tukaambiwa kwamba kiwango cha maji kimeshuka na kwamba hifadhi ya kilima imeshindwa. Haikuwa imeshindwa, tulikuwa tunateka mara kadhaa ya tulivyozoea, na watu wa vitongoji viwili vya jirani walikuwa wamehamia kwetu na madumu yao. Kwa hiyo kila anayeandika kina cha maji aandike pia saa za kusukuma pampu au idadi ya madumu, la sivyo atawapa matuta lawama isiyo yao, au sifa isiyo yao pale pampu inapoharibika na kisima kikapumzika miezi miwili.

Na pimeni alfajiri, kabla mtu hajateka. Kwetu foleni huanza saa kumi na moja, na anayekuja kupima saa nne asubuhi anapima uchovu wa kisima. Mpeni kazi hiyo mtu anayeishi karibu, ambaye tayari huamka saa hizo, mumlipe chochote hata kama ni kidogo, kwa maana kazi ya bure ya kila mwezi hudumu hadi msimu wa kilimo tu.

Mgani wa Vilima:

Nawashukuru nyote kwa dhati, pamoja na Mama ambaye hana sababu ya kuomba samahani. Nimewarudishia watathmini rasimu yao leo asubuhi. Nimeomba sentensi ya visima iondolewe na mahali pake paandikwe kwamba vipimo viwili vilivyochukuliwa katika majira tofauti ya mwaka, tena upande mmoja katika msimu wa El Niño, haviwezi kuonyesha mchango wa matuta. Tani za udongo zibaki ila ziitwe makadirio. Na kiongezwe kiambatisho cha kuta zote za mawe, zilizojaa na zilizobomoka. Mhusika hakufurahi, lakini hakukataa. Mwenyekiti wa kijiji cha kusini ameturuhusu tupime kisima chao, na tutaanza Jumamosi ijayo, alfajiri, visima vyote vinne siku moja.

Nina swali dogo la mwisho. Kamba niliyonayo ya kupimia hurefuka ikilowa, na nikishusha kisimani gizani siwezi kuona ni wapi imegusa maji. Je, mnatumia nini?

Kisima Kirefu:

Acha kamba. Azima futi ya chuma ya mafundi, ile ndefu ya kukunja, na ufunge uzito mdogo mwishoni. Paka chaki ya ubaoni kwenye mita ya mwisho, shusha hadi uwe na hakika kwamba mwisho wake umezama kidogo, shika namba nzima mdomoni mwa kisima, kisha vuta juu. Mahali chaki ilipolowa na kubadilika rangi ndipo maji yalipofikia. Toa namba hiyo katika ile uliyoishika mdomoni, na utapata kina hadi sentimita moja. Weka alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima ili kila mwezi ushikie pale pale.

Na uanze na kile cha shule, kabla watoto hawajafika.